Tadeo na Mashine ya Gemu Isiyofika

Kila siku saa nne asubuhi Tadeo hufungua banda lake la gemu, Chang'ombe, Dodoma. Hufuta vumbi kwenye televisheni mbili. Hupanga mabenchi. Halafu husubiri wateja, na akiwa anasubiri hupanga harusi za watu.

Tadeo amekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi kumi na moja. Hakuna bwana harusi aliyeaibika mikononi mwake. Ukumbi ulipatikana, pilau ilitosha, na kila aliyechanga alipata kiti na sahani.

Siku moja aliona kwenye simu watu wa nchi za mbali wanachangisha mtandaoni. Walitaka kutengeneza mashine mpya ya gemu inayoitwa Tavoko. Ingetumia nguvu ya jua. Umeme ukikatika, watu wangeendelea kucheza, tena wanane kwa pamoja. Tadeo hakulala vizuri kwa furaha.

"Mashine haijatengenezwa bado," aliwaeleza majirani. "Ndiyo maana wanachangisha. Sisi tunachanga, wao wanatengeneza, mzigo unafika mwezi wa sita. Nitaiweka hapa bandani, na ninyi mtagawana faida."

Majirani kumi na wawili walitoa elfu hamsini kila mmoja. Walimwamini mwenyekiti wao. Tadeo akatuma zote.

Mwezi wa sita ulikuja, ukapita. Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata nao ukaja, ukapita. Mashine haikuja. Zilizokuja ni habari njema. Mara Tavoko imepata rangi ya kijani. Mara Tavoko imepata boksi zuri zaidi.

"Boksi!" alifoka Paulina, mke wa Tadeo. "Mwaka mzima wanatuonyesha boksi. Mimba haijaingia, nepi zimeshaanikwa kambani!"

Majirani nao hawakukaa kimya. Mzee Bartolomayo, mmoja wa waliochanga, alisimama mlangoni kila alipopita.

"Mwenyekiti, harusi lini? Suti yangu imeanza kunibana."

Tadeo alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Kisha ukaja ujumbe mpya. Tavoko iko tayari kusafirishwa. Kila aliyechanga aongeze laki mbili ndani ya siku saba. Asiyeongeza atapoteza nafasi yake.

Nyumbani, Tadeo aligeuka akatazama ukutani. Pale palikuwa na gunia tatu za mpunga. Paulina alilima mpunga ule mwenyewe, Bahi, miguu yake ikiwa kwenye maji. Kilikuwa chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno yajayo.

"Mama Erica," Tadeo alianza kwa sauti tamu.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Unataka nini?"

"Gunia mbili tu niuze. Mashine ikifika, nitakununulia gunia nne."

Paulina alisimama. "Harusi gani hii, Baba Erica? Bwana harusi hujamwona. Ukumbi huujui. Na sasa wanataka mchele wangu wapikie pilau! Lete hiyo simu."

Alitoka na simu mpaka kwa jirani yao Swaumu, mwenyeji wa Kondoa, fundi wa simu na redio. Tadeo alimfuata nyuma akilalamika.

"Dada Swaumu," Paulina alisema, "mwambie huyu kama hiki kitu kipo."

Swaumu aliacha redio aliyokuwa anaifungua. Alitazama video ya Tavoko. Muziki ulilia, watu walirukaruka, goli likafungwa kwenye gemu ya mpira.

"Muziki mzuri," Swaumu alisema. "Sasa zimeni sauti tuione kazi yenyewe. Baba Erica, usitazame mpira. Tazama kidole cha anayecheza."

Walitazama tena bila sauti. Tadeo alisogeza uso karibu. Akarudisha video nyuma. Akarudisha mara ya tatu.

"Mpira umepigwa," alisema polepole, "kidole hakijabonyeza."

"Miaka tisa unakaa kwenye banda la gemu!" Paulina alisema. "Kila siku unatazama vidole vya watu. Cha huyu kilikupita vipi?"

"Muziki," Tadeo alijibu. Aibu ilimshika.

"Wanachocheza hapo ni picha iliyorekodiwa tu," Swaumu alieleza. "Mashine hatujaiona. Na kuchangia mradi si sawa na kununua dukani. Dukani kitu kipo, unalipa, unabeba. Hapa unampa mtu nguvu ajaribu. Anaweza akafaulu, anaweza akashindwa. Masharti yao wenyewe yanasema hivyo, hapa chini, kwa maandishi madogo."

"Kwa hiyo wote ni wezi?" Tadeo aliuliza.

"Hapana. Wengine ni waaminifu, ila walidhani kazi ni rahisi. Hata mimi naweza kuunda redio moja mezani. Kuunda redio elfu moja ni kazi nyingine. Lakini mtu anayekuonyesha picha na kukwambia ni mashine, kisha anakupa siku saba uongeze fedha, huyo usimtetee."

"Kwenye harusi hatuulizi hivyo," Tadeo alinong'ona.

"Kwenye harusi mnawajua wazazi wa bibi harusi, Baba Erica!" Swaumu alisema. " Pilau ikikosekana, mnajua mlango wa kugonga. Hawa utagonga wapi?"

Siku hiyo hiyo Swaumu aliwasaidia kuandika. Walidai fedha zao, na walitoa taarifa kwa tovuti iliyowakutanisha na mradi ule. Tovuti haikujibu. Wenye Tavoko walijibu kwa mstari mmoja: asanteni kwa kuwa sehemu ya safari yetu.

"Safari!" Paulina alisema. "Wamesafiri na fedha zetu. Sisi tuko hapa hapa Chang'ombe."

Gunia tatu zilibaki ukutani.

Jumapili Tadeo aliwaita majirani bandani. Alisimama mbele yao kama mwenyekiti, ila safari hii hakuwa na utani.

"Sikuwadanganya," alisema. "Lakini sikuuliza. Niliona video, nikawaletea video. Nitawarudishia kidogo kidogo kutoka kwenye mapato ya banda. Msijali."

"Usituambie tusijali!" Mzee Bartolomayo alifoka. "Tunajali! Mimi niliuza mbuzi. Lakini umesimama ukasema. Wale wenye boksi hawajathubutu."

Miezi miwili baadaye alikuja bandani msichana kutoka Ihumwa. Jina lake Hana, mwanafunzi wa chuo.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Paulina aliitikia.

"Natengeneza gemu. Unavusha ng'ombe kwenye matope ya Bahi bila kuwazamisha. Naomba mchango niimalize."

Macho ya Tadeo yaliwaka. Paulina alimkanyaga mguu.

"Ipo?" Paulina aliuliza.

"Ipo nusu, mama."

"Iwashe hapa."

Hana aliunganisha kompyuta yake na televisheni. Akampa Paulina padi ya kuchezea. Paulina akabonyeza, ng'ombe akatembea. Akaacha, ng'ombe akasimama. Lakini ng'ombe wa tatu alikuwa juu, hewani.

"Huyu mbona anaruka kama kunguru?"

"Ni kosa, mama. Sijajua linatoka wapi. Nahitaji wiki tatu. Na ninaweza kushindwa."

Watu walitazamana. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuwaomba mchango na kuwaonyesha ubovu.

Swaumu aliandika makubaliano, Hana akasaini. Watu wangechanga kwa hiari, na kila mtu angetoa kile ambacho hata kikipotea hatalala njaa. Mchango ungetoka kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza leo. La pili baada ya kuona kazi. La tatu gemu ikimalizika, na ingechezwa kwanza kwenye banda la Tadeo.

"Ng'ombe akishuka chini," Paulina alimwambia Hana, "njoo uchukue la pili. Asiposhuka, njoo pia utuambie."

Wiki ya nne Hana alirudi. Ng'ombe wa tatu alitembea ardhini, akaingia kwenye tope hadi magotini, akakwama. Banda zima lilipiga kelele kumsukuma. Watu walijaa mpaka nje. Hana alipewa fungu lake la pili mbele ya wote.

Tadeo alinyoosha mkono achukue padi.

"Panga foleni, mwenyekiti," Paulina alimwambia. "Mimi bado nina ng'ombe kwenye tope."