Jina Lililofichwa kwa Wino wa Mpunga

Aliyesimulia kwanza ni shangazi Esnath, nyumbani kwake Ilula, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2019, mambo yenyewe yakiwa na majuma matatu tu.

Kwetu jina la mtoto halitamkwi kabla kitovu hakijadondoka. Kuna kitu husikiliza. Damari, mke wa Yotamu mwana wa Esnath, alifanya kazi maabara huko Mbeya. Walitengeneza wino kwa makaa ya maganda ya mpunga wa Ubaruku, chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Ukiandika, karatasi hubaki nyeupe. Ukimulika kwa tochi ya zambarau, kama ya kukagulia noti, maandishi huwaka kijani. Alipojifungua binti, aliliandika jina hivyo, akaliweka ndani ya Biblia.

"Sijalitamka, mama," alimwambia mkwewe akicheka. "Huyo msikilizaji wenu ataambulia patupu."

Siku ya tatu, mchana, Biblia ilinuka maganda yanayoungua. Damari akajifunika blanketi, akamulika. Herufi ya kwanza haikuwepo. Kesho yake, ya pili nayo imekwenda. Na kila herufi ilipopotea, mtoto alinyonya kidogo zaidi.

"Unamulika mara ngapi?" Esnath alinong'ona.

"Kila siku. Nahakikisha lipo."

"Mwanangu we! Ukiliwasha ulisome, unadhani unasoma peke yako?"

Damari aliapa kuacha. Lakini mtoto alipokataa ziwa kutwa nzima, na harufu ile ikaingia hadi kwenye nepi zake, naye mama asijue kama zimebaki herufi mbili au hakuna, alirudi chini ya blanketi, akawasha tochi, akaona karatasi tupu, na karibu kabisa na shavu lake akasikia pumzi ya moto ikiunganisha herufi taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayejifunza kusoma, mpaka jina likatimia, na kule kitandani mtoto akanyamaza kulia, akageuza shingo kama aliyeitwa.

Mchungaji aliitwa jioni ileile. Akambatiza kwa jina jingine, Veneranda. Mtoto akanyonya.

Shangazi Esnath alifariki mwaka 2022. Mchungaji alimfuata mwaka uliofuata. Yotamu na Damari wako hai, Mbeya. Veneranda yu hai, ana miaka saba. Ukimwita, huitika mara ya tatu au ya nne. Lile jina la kwanza hakuna aliyewahi kulitamka nyumbani, ila binti akiwa peke yake chumbani husikika akijibu upesi, kwa adabu: "Abee. Nakuja."