Kitambaa cha Kuchujia Esanse

Jumamosi ile, jua likianza kushuka nyuma ya mabomba ya viwanda, Bénie alikuwa akikusanya majani kwa reki, mtoto mgongoni. Mumewe Urbain alitangulia akisukuma mashine ya kukata majani. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kila wiki hapa Likasi. Mmoja anakata, mwingine anakusanya, na Carine, binti yao wa miezi minne, analala fofofo kwa ngurumo ya mashine kama wengine wanavyolala kwa wimbo.

Uwanja ulikuwa wa Mama Gertrude, mwanamke mzee aliyeishi peke yake katika moja ya zile nyumba kubwa za matofali zilizoachwa na Wazungu wa migodi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Majani yalifika magotini.

Mashine ikakohoa.

Ikazimika.

Urbain akavuta kamba. Ikawaka, ikaenda hatua tano, ikazimika tena. Akaitukana kwa Kifaransa.

"Urbain! Mbele ya mutoto?" Bénie alinong'ona.

"Mutoto analala. Na tena miye sijaanza. Njo hii tondeuse imeanza kunitukana."

Bénie akacheka kidogo, mkono mdomoni. Urbain akailaza mashine ubavu, akakwangua majani mabichi yaliyoganda kwenye kisu. Akavuta. Wapi! Akafungua buji, ile plagi ya cheche, akaifuta kwenye suruali, akajaribu. Cheche zilitoka vizuri. Akagonga kichujio cha hewa kwenye goti, vumbi likaruka. Bado. Mwishowe akafungua kikombe kidogo chini ya kabureta, akamimina yaliyomo kiganjani. Katikati ya esanse, ile petroli ya chupa, matone meupe yalikuwa yakibingirika kama mayai ya samaki.

"Voilà. Maji! Ule bwana wa pa barabara ameniuzishia maji mu chupa. Leta kitambaa tuchuje."

Esanse ya chupa kila mtu anaichuja. Lakini kitambaa chao Bénie alikuwa amekifua asubuhi, akakisahau kwenye kamba nyumbani. Akainamisha kichwa.

"Munatafuta kitambaa?"

Mama Gertrude alikuwa amesimama nyuma yao. Bénie hakusikia miguu yake ikishuka ngazi. Alichosikia ni harufu... maziwa yaliyochacha.

"Ndiyo, mama," Urbain alijibu.

"Na ile?"

Kidole kilinyooka kwenye mgongo wa Bénie. Kwenye kikwembe kilichombeba mtoto.

Mama yake Bénie, aliyeishi Kapolowe, ndiye aliyempa kikwembe kile siku Carine alipozaliwa. Alimwambia mambo matatu: hakikatwi, hakiazimwi, hakitoki mkononi mwako mpaka mtoto atembee. Mtoto mchanga huacha pumzi yake humo, alisema. Bénie hakuuliza zaidi. Hakuwa mtu wa kuuliza. Hata kanisani, walipotakiwa kutoa ushuhuda, alijificha nyuma ya wengine.

"Mama... ile ni ya mutoto," alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Kidogo tu, pa mwisho. Ao unanikatalia mu lupango yangu?"

"Bénie, kipande tu," Urbain akasema bila kuinua macho. "Giza inakuya."

Bénie aliona haya kumkatalia mtu mzima nyumbani kwake. Akashika pindo. Akapasua.

Mgongoni, Carine alishtuka usingizini.

Urbain akatandika kipande kile juu ya mpare, faneli ya kumiminia, akachuja esanse yote. Alipomaliza, Mama Gertrude alikichukua mkononi mwake kama anayesaidia, akakisukuma ndani ya tangi kwa kidole. Polepole. Kama anayemlisha mtoto uji.

"Mama, hapana! Itaziba!"

"Haizibe," alisema, akafunga kifuniko.

Kamba ilivutwa mara moja tu.

Mashine ikawaka. Haikunguruma kama zamani. Ilienda laini, kwa vipindi... ikivuta, ikitoa. Ikivuta, ikitoa.

Wakakata mistari miwili. Kisha Urbain akaizima ili aondoe majani yaliyokwama.

Kitu kikawa kizito mgongoni mwa Bénie.

Mama yeyote anaujua uzito wa mtoto aliyelala. Huu haukuwa huo. Akafungua kikwembe, akamshusha Carine. Kichwa kilianguka nyuma. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Urbain! Mutoto! Hapumue!"

Walimtikisa. Walimpulizia puani. Walimwita Yesu. Hakuna.

"Vuta kamba," alisema Mama Gertrude.

"Nini?"

"Minasema vuta kamba." Akakaa kwenye ngazi, akapanga sketi yake juu ya magoti. "Kama hautaki, acha."

Urbain akavuta. Mashine ikawaka, na Carine akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu anayetoka chini ya maji.

Urbain hakutaka kuamini. Alisema ni kifafa, ni joto, ni chochote. Akaizima ili atoe kile kitambaa. Carine akanyamaza katikati ya kilio. Urbain akatia vidole ndani ya tangi, akamulika kwa simu. Kitambaa hakikuwemo. Ilikuwemo esanse safi, na harufu ya mafuta wanayompaka mtoto baada ya kumwogesha.

"Washa!" Bénie alipiga kelele. Hakuwahi kupiga kelele vile maishani mwake. "Washa!"

Kamba. Hakuna.

Kamba. Hakuna.

Kamba...

Ikashika.

Mama Gertrude alikuwa akitabasamu. Lakini hakumtazama mtoto wala mashine. Alimtazama Bénie, mdomo wake uliokuwa bado wazi.

"Sauti unayo, kumbe," alisema. "Bon. Nyuma kuko kijumba. Iko wazi tangu Gracien aondoke."

Siku yao ya tatu kijumbani ndipo walipojua Gracien ni nani. Papa Georges, jirani, aliwaambia kwa mnong'ono juu ya ukuta. Gracien naye alikuwa akikata majani. Alikaa kijumbani miezi miwili na mke na mtoto, kisha wakamzika mtoto.

"Alikosa esanse?" Urbain aliuliza.

"Hapana. Esanse ilikuwa. Alisinzia tu."

Papa Georges akaingia ndani kwake. Tangu siku ile hajarudi ukutani.

Mpaka leo wako pale; mashine ikisukumwa hadi getini, huanza kukohoa. Majani yaliisha zamani, umebaki udongo mwekundu. Urbain ameondoa kisu, mashine inazunguka bure chini ya kibanda cha bati, na esanse wanaiongeza bila kuizima. Wanalala kwa zamu. Carine ameanza kuota meno. Anacheka akitekenywa.

Pasta alikuja mara moja na waumini wawili. Alipoanza kukemea, mashine ikaanza kukohoa. Bénie ndiye aliyemshika mkono, akamsihi aende zake.

Jioni zingine Mama Gertrude anashuka na kigoda chake. Anakaa kando ya mashine. Anaweka kidole kwenye swichi, taratibu, huku akimtazama Bénie.

Anaizima.

Siku ya kwanza Urbain alimrukia. Aliushika mkono ule mkavu, akaufinya, akaachia mara moja, maana ni Carine aliyelia, na alama za vidole zilikuwa kwenye mkono wa Carine. Tangu hapo hakuna anayemgusa. Na kwa kuwa kidole chake hakitoki kwenye swichi, kuwasha lazima awashe yeye.

Naye hawashi mpaka aombwe. Na Bénie. Akiomba Urbain, hamjibu.

Jana aliizima wakati mtoto akinyonya. Ziwa lilibaki kwenye midomo isiyovuta.

"Mama, tafazali," Bénie alisema.

Mama Gertrude hakusogea.

"Mama, tafazali! Washa!"

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio, akajiinamisha mbele kwenye kigoda.

"Minazeeka, mwana wangu," alisema kwa upole. "Kila siku minasikia kidogo zaidi. Sema kwa nguvu."