Saa Tano ya Kokwijuka

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha juu ya mji wa Bukoba, na ukungu ulikuwa umelifunika ziwa hadi karibu na ufukwe. Watu waliokimbia mvua kutoka sokoni walijazana katika duka la simu la Muharami, wengi wao bila nia ya kununua chochote. Wawili tu walikuwa na nia, na nia yao ilikuwa moja.

"Hizi haziuzwi mojamoja," alisema Muharami, akiwa ameshika kisanduku chenye saa mbili nyeusi za mazoezi. "Ni pea. Zinapima mapigo ya moyo, hatua, hata joto la ngozi. Na zimeunganishwa: mmoja anaona vipimo vya mwenzake kwenye simu. Ni za mume na mke."

"Mimi sina mke," alisema mwanamume aliyesimama upande mmoja wa meza.

"Nami sina mume," alisema mwanamke wa upande wa pili.

"Basi nimewarahisishia kazi," alijibu Muharami, na wateja wa bure wakacheka.

Mwanamume huyo aliitwa Byabato, mpima ardhi wa miaka thelathini na minne. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama, na viatu vyake viling'aa licha ya matope ya barabarani. Alikuwa amesoma shule za bweni kwa miaka sita, na tangu alipotoka huko hakuwahi kuchelewa mahali. Alikwenda Kanisa Katoliki la Kashozi kila Jumapili, na katika kazi yake aliamini jambo moja: chombo kikipima, mdomo unyamaze.

Mwanamke alikuwa Kokwijuka, afisa kilimo wa Nshamba, wilayani Muleba, Mlutheri, binti wa mzee Buberwa. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vema kiunoni, na chini yake buti za mpira zenye udongo mwekundu wa vibanja alivyopitia jana yake akikagua migomba.

"Wewe saa unaitaka ya nini?" Byabato alimuuliza. "Kwa buti hizo, hatua huzikosi."

"Na wewe? Kwa viatu hivyo, hata moja huna."

Muharami aliwagawia saa moja moja na kuziunganisha kwenye simu zao, kwa kuwa hakujua njia ya kuzitenganisha. Hivyo ndivyo watu wawili wasiofahamiana walivyotoka dukani kila mmoja akiwa na mapigo ya moyo wa mwenzake mfukoni.

Jioni ya siku hiyohiyo simu ya Byabato ililia.

"Mpima ardhi, naona leo umetembea hatua elfu mbili na mia moja. Ulipimia kitini?"

"Mvua ilinizuia, dada."

"Mvua hiyohiyo imeninyeshea mimi, nina elfu kumi na nne. Na usiniite dada, dada zako wako Kashozi."

"Nikuite nani?"

"Utajua ukifikisha elfu kumi."

Byabato alifikisha elfu kumi Jumanne, akizunguka mji jioni kwa mwendo wa gwaride. Mwishoni mwa Aprili alikuwa akimwita Kokwi wangu, naye akimwita Mpima. Mwezi Mei alifunga safari kwenda Nshamba pamoja na shangazi yake Theopista, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akajitambulisha kwa mzee Buberwa. Posa rasmi ilipangwa tarehe 16 Agosti.

Siku hiyo ya kujitambulisha, wakati wa kuagana, shangazi Theopista alimshika Kokwijuka mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayechagua nanasi.

"Mwanangu, ubaki hivihivi. Usikonde. Huku kwetu mtu akikonda, watu hawaulizi amefanya mazoezi gani. Wanakumbuka miaka ile ya ukimwi, na wanaanza kuhesabu nani amezikwa lini."

"Nimesikia, waitu," Kokwijuka alijibu kwa neno la heshima la Kihaya, na jambo alilokuwa amekusudia kumwambia Byabato jioni ile akalimeza.

Katikati ya Juni Byabato aliona kitu ambacho hakukipenda. Kokwijuka alikuwa amemzoesha kwamba saa tatu usiku anaivua saa yake na kuichaji, kisha analala. Lakini siku ya Jumanne, simu ilionyesha kuwa saa 23:00 chombo kilikuwa mkononi mwake. Moyo ulikuwa umepanda kutoka mapigo sabini hadi mia moja hamsini na mbili, ukabaki huko kwa saa nzima. Joto la ngozi lilipanda pia. Hatua: sifuri.

Alijiambia ni hitilafu. Alhamisi ikawa hivyohivyo. Jumanne iliyofuata, hivyohivyo.

Mpima ardhi hapuuzi alama tatu zilizo katika mstari mmoja. Byabato alifungua daftari akaandika tarehe, saa, mapigo na joto. Alipotazama vipimo vya mchana, aligundua kwamba hata hatua zake zilikuwa zimesogea: afisa kilimo aliyepaswa kuwa mashambani asubuhi sasa alionekana akitembea kuanzia alasiri hadi giza linapoingia. Alizichunguza namba hizo kwa siku kumi na sita na hakupata tafsiri zaidi ya moja. Moyo unakwenda mbio, ngozi inapata joto, na miguu haiendi popote. Mtu mzima hahitaji kufafanuliwa.

Alipiga simu mchana wa Jumatano.

"Kokwi, jana saa tano ulikuwa wapi?"

"Saa tano? Nilikuwa na wakulima, tunakata migomba yenye mnyauko. Kwa nini?"

"Saa tano ya usiku."

"Nilikuwa nimelala, Mpima. Mtu anakuwa wapi saa tano ya usiku?"

"Ndicho ninachouliza."

"Leo umeamka na sauti gani hiyo? Ya mwalimu wa zamu?"

"Ulilala saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, kama kawaida. Mpenzi, una nini?"

"Sina kitu."

Kokwijuka alicheka, akisubiri naye acheke. Simu ilikatika. Aliitazama kwa muda, kisha akamtumia ujumbe: *Umechoka. Kula, upumzike.* Byabato aliusoma na kuona ndani yake ujanja mtupu.

Angeweza kumwonyesha daftari. Hakufanya hivyo, kwa sababu mtu mwenye kiburi huona aibu kuuliza swali ambalo jibu lake tayari anaamini analo. Tangu siku hiyo kila jambo lilikuja kama ushahidi. Picha aliyotumiwa Jumapili ilionyesha mashavu ya Kokwijuka yamepungua, na Byabato akajiuliza anapungua kwa ajili ya nani. Alipompigia Alhamisi jioni simu haikupokewa kwa saa nzima, kisha Kokwijuka akapiga mwenyewe akihema.

"Samahani, simu ilikuwa kwenye mkoba."

"Unahema."

"Nimepanda kilima."

Byabato aliangalia hatua. Hakuna kilima kilichopandwa. Jumatatu, tarehe 14 Julai, alimpigia shangazi yake.

"Shangazi, simamisha maandalizi."

"Kwa nini, mwanangu? Nimeshaongea na watu wa vitenge."

"Mwenendo wake wa usiku haueleweki."

"Umeona kwa macho?"

"Nimepima."

"Basi niachie mimi," alisema Theopista.

Alhamisi, tarehe 17 Julai, Byabato alikwenda Nshamba mwenyewe bila kutoa taarifa. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Vumbi lilitanda juu ya migomba ya kandokando ya barabara kuanzia Muleba mjini. Alikusudia kupanga chumba na kukesha akilinda njia ya nyumba ya mzee Buberwa hadi saa 23:00 ifike. Muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni aliketi kwenye kibanda cha chai kando ya soko na kufungua simu, kwa mazoea tu.

Hatua za Kokwijuka zilikuwa zimesimama. Mapigo yalikuwa yakipanda: tisini, mia na kumi, mia thelathini na nne. Juu ya kioo, kandokando ya jina lake, paliandikwa saa ya chombo chake: 23:04.

Byabato aliinua macho. Jua lilikuwa linampiga usoni.

Aliitazama saa ya ukutani ya kibanda, ikasema saa kumi na moja na dakika nne. Aliisoma simu tena. Kisha akamwuliza mwenye kibanda, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikia jibu, kama anamfahamu Kokwijuka, afisa kilimo.

"Bibi shamba? Yupo pale," alisema, akionyesha ghala la zamani la kahawa ng'ambo ya barabara. "Jumanne na Alhamisi wanapikwa humo."

"Wanapikwa?"

"Nenda ukaone. Utoke kabla hujaiva."

Mlango wa ghala ulipofunguka, joto lilimpiga kama pumzi ya chungu kilichofunuliwa. Mabati yalikuwa yamechomwa na jua mchana kutwa, na hita mbili za umeme ziliongeza kazi pembeni. Wanawake kumi na mmoja wenye fulana zilizolowa walisimama kila mmoja juu ya mkeka wake, mguu mmoja chini, mikono juu, macho mbele, jasho likidondoka kwenye videvu. Hakuna aliyepiga hatua hata moja.

"Simama kama mgomba uliobeba," alisema Gaudiosa, mtaalamu mstaafu wa viungo aliyewafundisha yoga hiyo ya joto. "Mkungu mzito, shina halitikisiki. Vuta pumzi." Alimwona mgeni. "Baba, wanaume ni Ijumaa. Na hapa tunaingia bila viatu."

Kokwijuka aligeuka, akapoteza mizani, mguu ukashuka. Hakutabasamu. Alichukua taulo, akatoka nje mbele yake na kusimama kivulini.

"Umekuja kupima usiku?" aliuliza.

"Nani amekwambia?"

"Shangazi yako alimpigia baba Jumatatu. Alisema mwenendo wa binti yake wa usiku hauwaridhishi. Baba hajaniuliza kitu. Siku ya nne leo, ananipa sahani ya chakula bila kunitazama."

Byabato alinyoosha simu. "Kokwi, tazama. Saa yako inasema saa tano ya usiku."

Kokwijuka alimnyooshea mkono wenye jasho. Kwenye kioo kidogo palikuwa na tarakimu nne: 11:09.

"Soma kwa Kiswahili."

Byabato aliitazama simu yake tena.

"Nimesema soma."

"Saa kumi na moja na dakika tisa."

"Ndiyo saa yetu, na ndiyo saa ya sasa hivi. Wakulima wananiuliza saa mashambani, nami nilichoka kuongeza sita kila ninapotazama mkono. Mwezi wa sita niliizuia isifuate saa ya simu, nikaisogeza isome kama tunavyosema. Sikujua kwamba huko kwako inakwenda kulala saa tano ya usiku."

"Na hili?" Aligeukia ghala. "Kwa nini ulinificha?"

"Kwa sababu shangazi yako aliniambia nisikonde, na mama yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na tisa. Mwezi wa pili nilipimwa shinikizo la damu, nikakuta nimemfuata. Ndiyo maana nilikuwa kwa Muharami. Nilitaka nikuambie namba zikishuka. Ulidhani moyo wangu unamkimbilia nani?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilikosea."

"Mbona unaninong'oneza? Ulipomwambia shangazi yako ulinong'ona?"

"Hapana."

"Msamaha wa kivulini siupokei, Byabato. Ninakudai jina langu. Uliliharibu kwa sauti, ulirudishe kwa sauti."

Lilikuwa jambo gumu kwake, na ni haki kusema kwamba alilifanya siku hiyohiyo. Mzee Buberwa aliwakuta barazani kwake, akaketi, akaweka kofia gotini. Byabato hakukubali kiti, akamwita baba kwa Kihaya.

"Tata, nilisema neno baya juu ya binti yako, na halikuwa kweli. Kosa ni langu. Ninaomba nilifute ukisikia."

Alipiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Shangazi, niko kwa mzee Buberwa. Nilimsingizia Kokwijuka. Hakufanya lolote baya, usiku wala mchana. Nilisoma saa vibaya na sikumuuliza mwenyewe."

"Ulisoma saa vibaya," Theopista alirudia taratibu. "Shule zote zile."

"Ndiyo, shangazi."

"Mzee Buberwa, waitu, unanisikia? Nimeaibika. Nilikuwa nimeshawaambia watu saba."

"Watu saba," alisema Buberwa. Alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Umekonda, mwanangu. Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa, tata. Sasa napona."

Byabato alimgeukia. "Na tarehe kumi na sita Agosti, Kokwi? Nakuuliza wewe."

"Kwanza wale saba wausikie ukweli. Kabla ya hapo usinipigie."

Alirudi Bukoba bila jibu. Kwa siku tatu hakupiga simu, kwa sababu alikatazwa, na kila jioni alimpigia shangazi yake badala yake akidai hesabu: watatu, watano, kisha sita. Wa saba alikuwa amesafiri kwenda Mwanza. Byabato alitafuta namba yake mwenyewe, akazungumza naye dakika ishirini, na kulitaja kosa lake mara mbili kwa kuwa mtandao ulikatika.

Jumatatu mchana simu yake ililia.

"Mpima."

"Naam, Kokwi."

"Huyo wa Mwanza amempigia baba. Amesema ameambiwa vizuri. Deni umelilipa lote, sikudai tena. Tarehe kumi na sita njooni mapema."