King'ora cha Barazani

Haya aliniambia rafiki yangu Arsène, na Arsène hana akili ya kutunga uongo. Alikuwa fundi wa kompyuta kiwandani Likasi, mwaka ule wakubwa walipokuwa wakibeba hadi vitasa vya milango. Mkurugenzi alimtuma akamletee kompyuta iliyoendesha king'ora cha zamu, eti watoto wake waichezee. King'ora chenyewe, lile bomba pana la chuma, mkurugenzi alishakibeba kwake. Mke wake alikigeuza chungu cha maua barazani.

"Uizimishe tu," mkurugenzi alisema. "Ni kazi ya dakika mbili."

Ilikuwa mchana, lakini chumba cha kompyuta hakikuwa na dirisha. Arsène akaizima programu ya king'ora. Programu ya pili, aliyoiandika mwenyewe ili iifufue ya kwanza kila inapokufa, ikaifufua. Akazizima zote mbili. Zikarudi. Akafungua faili la mipangilio afute saa za zamu, akakuta imeongezeka moja: 14.20.

"Ile saa haiko minye niliandikaka," aliniapia, kwamba si yeye aliyeiandika.

Akang'oa waya ukutani. Feni ikanyamaza, kioo kikawa cheusi. Hapo gizani, saa ya mkononi ikiwaka 14.20, akasikia king'ora kikilia, kirefu, kutoka upande wa nyumba za wakubwa.

Alikimbilia huko, akamkuta mkurugenzi, yule mwizi mwenye tai shingoni, barazani kwake.

"Arsène, weye uliizimisha?"

"Niliizimisha, patron. Courant haiko, niling'oa waya."

King'ora kilikuwa palepale, kitupu. Maua na udongo wake wote vilikuwa vimeganda darini.