Programu Aliyoitumia Marehemu Rebeka

Okal ni rafiki yangu, Mwanza nzima hakuna anayemjua kama mimi. Mwaka tisini na saba kiwanda cha samaki alikokuwa karani wa mizani kilileta kompyuta mpya, kubwa kama friji. Programu yake mpya ya mizani ilimshinda, na kazi ilikuwa inamponyoka. Akaamua kuingiza ile ya zamani.

Fundi wa kompyuta, Alexander, akamwonya. "Kaka, hiyo haiulizi neno la siri. Ukiiweka humu, yeyote aliyewahi kuitumia anapita."

"Ni mimi na karani mwenzangu, marehemu Rebeka, tu," Okal akacheka. "Unamwogopa marehemu?"

Akachomeka disketi, fundi akaondoka. Saa nane mchana wingu la ziwa likafunika, ofisi ikawa nyeusi kama ndani ya pipa la lami. Okal alikuwa ameweka mikono mapajani aliposikia vitufe vya kompyuta vikilia: ta, ta, ta. Kwenye kioo, katika orodha ya programu ya wanaoingia na kutoka, kukaandikwa:

"Rebeka ameingia, saa nane na dakika tano."

Jasho likamtoka ndoo nzima. Vitufe vikalia tena, taratibu, kama vya mtu asiye na haraka.

"Okal ametoka, saa nane na dakika kumi."

Akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nane na dakika saba.