Injini Baridi ya Makaburini

Saa kumi na mbili asubuhi, wenzake wakiwa bado wamejikunyata chini ya blanketi, Yusta Kalinga alikuwa ameshabeba tenki la petroli kichwani na kuteremka nalo hadi mwaloni, boti zinapotia nanga, kwenye bwawa la Mtera. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kabla ya shule. Mama yake, Bertha, alikuwa na boti ya mbao iliyovusha watu kutoka kitongoji chao hadi upande wa Migoli, kwenye shule na soko. Mjomba wake, Dastan, ndiye aliyekuwa nahodha na fundi wa boti hiyo.

Yusta alichanganya petroli na oili, akafunga mpira wa mafuta, akakumba kwa kopo maji yaliyovujia ndani. Alipomaliza, wanafunzi wenzake wanane walikuwa wamefika wakitetemeka. Mwezi wa saba baridi ya huko haina huruma.

"Fundi wa kike!" aliita Bujiku, mfugaji aliyehamia pale na ng'ombe wake, ambaye binti yake, Ng'washi, alisoma na Yusta darasa la saba. "Ukimaliza hapo uje uniwashie na fahali wangu. Tangu jana amegoma kuamka."

"Mpe petroli, baba Ng'washi," Yusta alijibu. "Asipoamka, tutamla."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote walijua wanakwenda kupita wapi.

Katikati ya safari palikuwa na mahali palipoitwa Makaburini. Zamani, kabla mto haujazibwa, palikuwa na kijiji pale. Maji yalipopanda, watu walihama na vyungu vyao, na mbuzi, na milango ya nyumba zao. Wafu hawakuhamishwa. Miti ya kijiji ilikufa ikiwa imesimama, na mpaka leo matawi yake meupe yametokeza juu ya maji kama vidole vya watu wanaoomba kitu. Kwa sababu ya visiki vilivyojificha, boti hulazimika kupunguza mwendo na kutambaa.

Na hapo hapo, kwa wiki tatu sasa, injini ilikuwa ikizimika. Haikuzimika kwenye maji mapana wala karibu na ufukwe. Ilizimika Makaburini tu.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Yusta hakuiona pua ya boti. Mti wa kwanza ulipojitokeza, Dastan alipunguza mwendo. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Kisha, chini ya miguu yao, kitu kikagonga ubao. Ko. Ko. Ko.

"Ni tawi," Yusta alinong'ona.

"Tawi gani linalobisha hodi?" Ng'washi alimkamata mkono.

Dastan alifungua kifuniko cha injini, akavuta kamba mara nne, mara tano. Hakuna kitu. Vidole vya Yusta vilikuwa vimekufa ganzi, akaviweka juu ya kichwa cha injini apate joto. Akavitoa haraka, kwa sababu chuma kilikuwa baridi. Injini iliyokuwa imenguruma nusu saa nzima ilikuwa baridi kama jiwe lililotolewa bwawani.

"Mjomba! Gusa hapa. Mbona haina joto hata kidogo?"

Dastan hakugusa. Aliwatazama abiria, kisha akatazama maji. "Nyamaza, Yusta. Hii si injini. Ni wale wa chini. Wameishika kwa mikono yao."

Ng'washi akaanza kulia. Mahali fulani ndani ya ukungu kiboko akapumua, karibu mno. Wakapiga makasia, na kila kasia lilipogusa kitu majini, Yusta alijikunyata. Walifika shuleni saa nne.

Jioni hiyo Mzee Ambrosi, mwenyekiti wa kitongoji, aliwaita watu mwaloni. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Boti isipakie tena wanafunzi kuanzia Jumatatu," alisema. "Wazee wa ukoo waje kutoka Kalenga tufanye tambiko. Wamesema watafika mwezi ujao."

"Mwezi ujao?" Yusta alisimama kabla hajajiuliza kama anaruhusiwa. "Babu, mtihani wa majaribio wa darasa la saba ni Jumatano hii!"

"Mtazunguka kwa miguu."

Kuzunguka kwa miguu kulikuwa na maana ya saa nne za pori, na wiki iliyopita tembo walikuwa wamevunja ghala katika njia hiyo hiyo. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe. Bujiku alimtazama Ng'washi, akainama. Yusta alimtazama mjomba wake, akitegemea atasema neno. Dastan alikuwa akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

Jumamosi asubuhi akaja Jailos, mnunuzi wa samaki, na boti yenye injini ya aina ile ile. Alikuwa amepita Makaburini polepole kama wengine wote, na haikumzimikia. Yusta alimwomba ruhusa ya kugusa kichwa cha injini.

"Gusa uone," Jailos alisema akitabasamu.

Aligusa, akauvuta mkono huku akipuliza vidole.

"Injini iliyo nzima lazima iwe na moto wake," Jailos alimweleza. "Isichemshe, wala isipoe. Kama uji wa mtoto." Akamwonyesha kifuniko kidogo chenye bolti. "Humu ndani inakaa thamostati. Ni kama mlango. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa ili ipate joto kwanza. Ikipata moto, unafunguka, maji ya bwawa yanapita na kuipoza."

"Na mlango ukiwa haupo?"

"Maji baridi yanapita tu bila kizuizi. Petroli na oili haziungui vizuri, plagi inalowa."

Yusta alifikiri. "Na ukienda polepole?"

"Hapo ndipo inazimika. Ukikimbia, injini inajitahidi. Ukitambaa, inakufa."

Yusta alihisi nywele zikimsimama, lakini safari hii si kwa woga. Alichukua spana, akaenda kwenye boti yao na kufungua kifuniko kile kidogo. Ndani palikuwa na tundu tupu.

Alimkuta Dastan nyuma ya nyumba, peke yake. "Mjomba, thamostati iko wapi?"

Spana aliyokuwa nayo Dastan ilisimama hewani. "Nani amekutuma kufungua injini?"

"Sikutumwa. Iko wapi?"

"Nenda kaoshe vyombo," Dastan alisema, akakunja uso.

Yusta alikwenda akaosha vyombo. Kisha akaenda kwenye kopo la bolti kuukuu la mjomba wake, maana fundi wa kweli hatupi chuma, akalimimina lote juu ya gunia. Katikati ya nati na misumari akaona kidude cha shaba, kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye springi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walimkuta Yusta mwaloni na jiko la mkaa na sufuria ya maji. Dastan alikuwa wa kwanza kuelewa. Akasimama mbali.

"Babu Ambrosi," Yusta alisema, "naomba utazame humu."

Alikining'iniza kidude kile kwa uzi ndani ya maji. Kwa muda hakikutokea kitu, na watu wakaanza kuguna. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kidude kikafumbuka taratibu, chenyewe, kama jicho la mtu anayeamka. Mama mmoja akarudi nyuma. Yusta alikitoa, akakipuliza. Jicho likafumba.

"Hiki ndicho kinachoipa injini joto lake. Kilitolewa. Ndiyo maana ni baridi, na ndiyo maana inazimika tunapotambaa."

"Nani alikitoa?" aliuliza mama yake.

Yusta alimtazama mjomba wake na kumwachia nafasi.

"Mimi," Dastan alisema hatimaye. "Nilipokuwa nafanya kazi Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, malori yalikuwa yanachemsha kila siku. Tulikuwa tunazitoa thamostati zote, yapande mlima. Nikadhani boti ni vilevile."

"Na ilipoanza kuzimika?"

"Wiki ya pili nilihisi ni hiyo. Lakini nilikuwa nimeshasema ni wafu."

Hakuna aliyecheka. Dastan mwenyewe alikirudisha kidude mahali pake, akabadilisha plagi, na Mzee Ambrosi akasisitiza kupanda boti. Alikaa mbele, kofia mkononi. Makaburini, injini ilishuka sauti, ikatambaa kati ya miti meupe. Yusta aliweka kiganja juu ya kichwa cha injini. Joto. Chini ya ubao kitu kikagonga, ko, ko, kikawaacha wapite. Injini haikukohoa hata mara moja.

Waliporudi ufukweni, mzee alizungumza bila kupaza sauti. "Jumatatu watoto watavuka. Na mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kuamua. Lakini sikilizeni, hasa ninyi watoto. Kukosea si aibu, kila fundi hukosea. Aibu ni kulificha kosa lako nyuma ya watu wasioweza kujitetea. Wazee wetu waliolala kule chini tumewasingizia wiki tatu. Tambiko litafanyika, na tutakwenda kuwataka radhi. Dastan, wewe utakuwa mbele."

"Nitakwenda," Dastan alisema. Kisha akamgeukia Yusta, macho mekundu. "Lakini na huyu aniombe radhi. Amenivua nguo mbele ya kitongoji kizima. Mimi ni mjomba wake."

"Yusta," mama yake alisema kwa sauti ya chini, "mwambie tu samahani, yaishe."

Yusta aliiweka sufuria chini.

"Nilikuuliza kwanza tukiwa wawili, mjomba, ukanituma nikaoshe vyombo. Ng'washi alikuwa akilia ndani ya boti, na wewe ulijua. Shikamoo yangu utaipata kila asubuhi, na tenki nitakubebea. Ila radhi siombi."