Kile cha Kung'oa Mkuki

Kigoda kilikuwa kimelowa.

Hilo peke yake si jambo la kumtoa mtu mbio. Nyumba za kando ya ziwa huvuja, na mvua ya kule haina aibu. Lakini Théogène alikuwa mtu wa kutazama juu kabla ya kulalamika. Akatazama juu, akaona mabati mapya yasiyo na tundu hata moja. Tena siku ile mvua ilikuwa bado haijanyesha.

"Kaka, usikale pale," mwenye nyumba akamwambia kutoka jikoni, hata hakugeuka. "Iko na mayi."

"Si mupanguse basi, Mama?"

"Tunapangusaka. Inarudia."

Théogène akavuta kigoda kingine, akatoa daftari lake na kalamu ya wino, akaandika: *Viti: nne kwa kumi.*

Mtu mwenyewe tumjue kidogo. Théogène Mbonigaba alikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Nyamitaba, juu milimani kwenye ng'ombe, na mwaka ule wa hamsini na mbili alikuwa amepata karte, ile karatasi ambayo serikali ya Wabelgiji iliwapa Waafrika wachache iliowaona wamestaarabika. Kabla ya kumpa, mabwana wawili walifika nyumbani kwake kuhesabu uma na kuchungulia choo. Siku hiyo Vénantie, mkewe, alikalishwa mezani akala kwa uma kwa mara ya kwanza na, kwa kauli yake mwenyewe, ya mwisho. Tangu hapo karte ilikaa mfukoni mwa koti, upande wa moyo, na koti lilivaliwa hata jua likiwa la utosini.

Basi gazeti moja la mji wa Costermansville likaomba wasomaji walieleze: katika miji midogo ya ziwani, mtu mstaarabu ale wapi, anywe wapi? Théogène akaona hapo ndipo jina lake litakapopigwa chapa. Akashuka Jumamosi hadi mji mmoja mdogo wa pwani ya ziwa, si mbali na Kirotshe, akamwacha Vénantie na mtoto wa kiume wa siku tano.

"Mutoto anapewa jina siku ya munane," Vénantie alimwambia mlangoni. "Baba asipokuwapo, atapewa jina na yeyote mwenye mudomo."

"Siku ya munane ni Jumanne. Jumatatu, mbele ya maziwa kuchemka, niko hapa. Na jina liko tayari: Théophile."

Jumamosi hiyo na Jumapili baada ya misa akazunguka. Kwa Papa Kanyamibwa, karibu na gati, alikula maharagwe yenye mawese na samaki wa kuchoma: nane kwa kumi, uma hakuna. Pale Bar Bon Coin bia ya chupa ilikuwa ya moto kama chai, na gramafoni ilikuwa na sahani moja tu, tena upande mmoja tu: sita kwa kumi, kwa huruma. Ya mwisho ilikuwa hii nyumba ya Mama Nyirakamana, nje kidogo ya mji, isiyo na hata kibao cha jina. Watu walimwambia kasiksi yake, yaani ile pombe ya ndizi, haina mfano. Walimwambia pia asisahau kuaga vizuri. Hilo la pili hakuliandika.

Mama Nyirakamana alimletea kibuyu chenye mrija. Théogène akaomba kilauri. Kilikuwapo kimoja chenye ufa, na humo ndimo alimokunywa, akilegea ulimi kadiri kibuyu kilivyopungua. Akamweleza habari za mtoto, za jina, za gazeti. Mwishowe akatoa karte yenye picha yake, miwani yake usoni.

"Siku hizi, Mama, muntu njo karatasi yake. Bila hii, miye ni nani?"

Mama Nyirakamana aliikazia macho picha. "Kwa hiyo mwenye kuishika njo anakuwa weye?"

"Njo vile."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu gizani, akatupa jicho kwenye kigoda kilicholowa.

Saa ya mkononi ilisema saa kumi na robo. Théogène akasimama. Hapo mama akaleta kibuyu kidogo, cha kutosha funda tatu, na mrija wake.

"Agashinguracumu, kaka."

Neno alilijua, nani wa Nyamitaba asilijue? Zamani mgeni aliuchomeka mkuki wake ardhini nje ya mlango, na hakuung'oa mpaka mwenye nyumba ampe kinywaji kidogo cha mwisho. Hicho ndicho kile cha kung'oa mkuki. Baba yake asingeondoka kwa mtu bila hicho, hata kama nyumba inaungua.

"Mama, unaona mukuki hapa? Miye nimekuja na kalamu."

"Kunywa tu, kaka. Ni funda tatu."

"Muntu mustaarabu hanywi mu mrija ambao midomo yote ya Kivu imepita. Hata wanafunzi wangu nawafundisha vile."

Mama Nyirakamana alikwenda kizingitini akakimwaga kile kinywaji chini, ardhi ikakinywa kwa sauti, kama koo. "Basi," akasema polepole. "Kilichokataliwa mukononi mwangu, sikitoi mara mbili."

Nje mvua ilianza. Théogène akainua kola ya koti akashika barabara ya mlimani, ziwa likiwa nyuma yake. Hakufika mbali mvua ikamzidi. Mbele akaona nyumba na kibao cha Bar Bon Coin, akashukuru Mungu, akaingia.

Hapakuwa na gramafoni. Palikuwa na harufu ya tope la ziwa na ngozi ya ng'ombe iliyolowa, na kigoda kimoja kilichokuwa kikidondosha maji, to, to, to, juu ya udongo.

"Kaka, usikale pale," sauti ikatoka jikoni. "Iko na mayi."

Akatoka kinyumenyume. Alijiambia ni kasiksi, kwamba amezunguka bila kujua, kwamba mji ni mdogo. Akashika barabara tena, safari hii akigusa mgomba mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayejifunza kuhesabu, na mvua ilipompofusha akaingia kwenye nyumba ya kwanza, ambayo kwa nje ilikuwa ya Papa Kanyamibwa kabisa, na kibanda chake cha kukaushia samaki, na kwa ndani ilikuwa mabati mapya, tope la ziwa, ngozi iliyolowa, to, to, to. Saa ya mkononi ilisema saa kumi na robo.

Mara ya tatu alikimbia, mwalimu mzima na viatu vyake vya ngozi, akakimbia akiliweka ziwa mgongoni, akilisikia mgongoni, akiapa kwa Bikira kwamba liko mgongoni, mpaka mvuke mweupe ukapanda kutoka kwenye majani ukafuta migomba na barabara na mikono yake mwenyewe, na kila alipodhani mguu unapanda kilima ulikuwa unateremka, na kila alipogeuka ili ateremke ulikuwa unateremka vilevile, hata alipojikwaa na kunyoosha mikono ili asianguke alishika ubao, na ubao ulikuwa mlango, na mlango ulikuwa wazi, na Mama Nyirakamana alikuwa amekaa kando ya moto akimngojea kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Tundika koti, likauke," akamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa unaweza kumuona."

Théogène alitundika koti kwenye msumari karibu na mlango, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Kisha akageuka.

Kwenye kigoda aliketi mtu. Alikuwa mrefu, mwenye fimbo ya wachungaji kati ya magoti, na maji yalimtoka bila kuisha, kwenye nywele, kwenye masikio, chini ya kucha. Uso wake haukuwa wa kutisha. Ulikuwa umechoka tu, na ulikuwa umelainika, kama sabuni iliyosahauliwa majini.

"Ni nani?" Théogène akanong'ona.

"Sebahire. Muuza ng'ombe. Mwaka wa arubaini na moja alikasirika hapa kwa neno dogo, akakataa agashinguracumu, akapanda mutumbwi. Ziwa likamukamata." Mama alichochea moto. "Wa pwani ya bahari wangesema jini. Siye tunasema muzimu. Lakini huyu hana ubaya, kaka, ni mugeni asiyeagwa. Mukuki wake uko hapa. Na wako sasa uko karibu na wake."

"Niage basi! Nipe, nitakunywa! Hata mu mrija, Mama, hata ndoo nzima!"

"Nilishamwaga. Mwenye nyumba hatoi mara mbili. Mugeni kwa mugeni njo anaweza." Akaweka kibuyu kidogo chini, kati ya wanaume wawili. "Moja moja. Wa kwanza kupewa, njo wa kwanza kwenda."

Sebahire aliongea kwa mara ya kwanza, na sauti yake ilikuwa na mapovu. "Nipe miye kwanza, mwalimu. Miye mukubwa. Miaka kumi na moja nasikia watu wakila, wakicheka, wakienda kwao. Nikishasimama, nitakupa yako."

Théogène alimtazama Mama Nyirakamana. Mama alitazama moto.

Alifikiria siku ya nane. Alifikiria Vénantie mlangoni na mtoto mikononi, na midomo yote ya Nyamitaba. Alifikiria pia kwamba mtu mzima akiomba kwa heshima hivyo hakataliwi. Baba yake alimfundisha hilo kabla ya shule kumfundisha mengine. Akakiinua kibuyu kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akapiga goti kidogo.

"Agashinguracumu, muzee."

Sebahire akanywa. Funda moja, na maji yakakoma. Funda mbili, na uso ukashikana. Ya tatu, akasimama, na kitu nje ya mlango kikang'oka ardhini kwa mlio mkavu. Akapita mbele ya Théogène bila haraka, akafika mlangoni, akalitwaa koti msumarini.

"Na yangu?" Théogène akasema. "Muzee, na yangu?"

Sebahire alivaa koti, akalifunga vifungo kimoja kimoja. Akatoa karte, akaitazama kwa muda mrefu, na alipoinua uso ulikuwa uso wa kwenye picha, miwani tu ilikosekana.

"Nikirudi ndani, nitabakia," akasema kwa sauti ya Théogène. "Usinichukie. Théophile, si njo ulisema? Nitafika mbele ya maziwa kuchemka."

Akavuka kizingiti. Mvua ilikatika palepale, kama mtu aliyefunga mdomo. Théogène akakimbilia mlango, na mlango ulikuwa wazi, na alikimbia na kukimbia na mlango ulikuwa mbele yake wazi vilevile, hatua tatu, jua likiwaka nje, mbuzi wakilia, barabara ya Nyamitaba ikipanda kilima nyekundu na safi na mtu mmoja juu yake akienda zake katika koti lililomkaa vizuri, mpaka akakaa chini kwenye kitu kilichokuwa nyuma yake. Kilikuwa kigoda. Maji yakaanza kumtoka kwenye kucha.

Tangu siku hiyo hakuhesabu siku tena, alijua mvua tu. Watu waliingia, wakala, wakasifu kasiksi, wakanywa funda zao tatu, wakaenda. Aliwaita. Hakuna aliyegeuka. Mama Nyirakamana peke yake alimsikia, na kila asubuhi alimpangusia kigoda. Ilirudia.

Halafu akaingia Gatera.

Alimtambua kabla hajavuka kizingiti. Mwanafunzi wake wa dawati la mbele kabisa, sasa kijana mwenye viatu na kalamu kifuani, karani wa maziwa ya ng'ombe, amekuja kununua makopo ya kuyabebea pale gatini.

"Kaka, usikale pale," Mama Nyirakamana akasema. "Iko na mayi."

Gatera akakaa kigoda cha jirani. Mama akamuuliza: alitoka Nyamitaba? Ndiyo. Na huko habari gani? Habari njema.

"Mwalimu wetu Théogène, Mama, sijui ulimusikia. Alishuka huku ziwani, akarudi amebadilika. Siku hizi anakala na wazee, anakunywa mu mrija, anajua ng'ombe kuliko wachungaji. Hata Vénantie, bibi yake, anasema ziwa limemufundisha adabu." Akacheka. "Tena muntu wa jasho! Pahali anakala, lazima kupangusa."

Mama aliacha kukoroga chungu. "Na mutoto?"

Théogène aliinama mbele kwa nguvu zote, maji yakimwagika mapajani.

"Mutoto wamemupa jina Sebahire. Watu walishangaa, haliko jina la jamaa. Lakini baba amesema, njo basi."

To, to, to, kigoda kilisema.

Gatera alimaliza kula, akatazama saa yake, akasimama. Mama Nyirakamana akaenda kuleta kibuyu kidogo, akakishika kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa karibu ya kusihi. "Agashinguracumu, mwanangu. Ni funda tatu."

"Aa, Mama." Kijana alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsamehe bibi yake. "Mwalimu amebadilika, lakini miye nimeshika yale alitufundisha mwanzo. Muntu mustaarabu hanywi mu mrija ambao midomo yote ya Kivu imepita."

Théogène akafungua kinywa. *Kunywa*, alitaka kupiga kelele, *kunywa, Gatera, mjinga wee, kunywa!* Neno lilifika kwenye meno. Pengine, kwa mvulana aliyekaa dawati la mbele mwaka mzima, lingesikika.

Nje, mvua ilianza. Kijana alikuwa amevaa koti zuri.

Théogène akafunga kinywa. Akasogea kidogo kwenye kigoda, kumpa nafasi.